Shukrani kwa Subira Yao

Mwezi uliopita nilikaa safu ya nne katika ukumbi mmoja wa Uccle, mtaa wa matajiri wa Brussels, koti langu likiwa mapajani, nikamsikiliza mwigizaji kijana akisoma maneno yangu na kuyaita maneno ya marehemu. Ilikuwa hafla ya kumkumbuka Profesa, aliyefariki wiki tatu kabla. Binti yake, Madame Hélène, ndiye aliyenipigia simu kunialika. Alisema baba yake alinipenda sana, na kwamba nisipokuja pengo langu litaonekana. Nikaenda. Watu walivaa nguo nyeusi za bei kali, wakashika glasi ndogo za mvinyo mweupe, na yule mwigizaji akafungua kitabu cha Profesa mahali palipowekwa utepe. Alisoma ukurasa unaoeleza picha ambamo mchoraji mmoja wa zamani alimchora mke wake alfajiri, kitandani, roho ikiwa imeshamtoka. "Buluu inapanda kutoka shingoni," alisoma, "kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa kilichogusa beseni. Haina haraka. Hili analijua kila aliyewahi kumwosha maiti wake." Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mwanamke wa mbele yangu akajipangusa jicho. Nikawatazama mmoja mmoja, nikajiuliza ni nani kati yao amewahi kumwosha maiti wake. Uccle hawaoshi maiti. Wanapiga simu, gari linakuja, wanaume wawili wenye glavu wanamchukua. Mimi ndiye niliyeosha. Sentensi ile ilitoka kinywani mwangu, kwenye kiti cha sebuleni kwa Profesa, mwezi wa Januari mwaka 2002, na katika miaka yote hii hakuna msomaji aliyejiuliza yule mzee alilijulia wapi jambo hilo. Madame Hélène akaniinamia sikioni. "Baba alikuwa na jicho," alinong'ona. Nikamwambia, "Madame, baba yako alikuwa haoni." Akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo," akasema, "ndiyo maana inashangaza."

Wahenga walisema hasira ni hasara. Mimi nasema kwangu hasara ilitangulia, hasira ikaja baadaye kuizika, na kaburi halijafukiwa mpaka leo. Nina umri wa miaka arobaini. Ni mkalimani, nakaa katikati ya daktari na mgonjwa, hakimu na mshtakiwa, nikihamisha maneno ya watu bila kuchukua hata moja mfukoni. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata katika kazi hiyo, kwa Watanzania na Wakenya; kile nilichotoka nacho Lubumbashi bado ninakiota. Sitasema habari za ukoo wangu wala jinsi nilivyofika Ubelgiji, maana watu hupenda kuzisikia hizo kuliko jambo lenyewe. Na mchoraji huyu Mfaransa sitamtaja jina. Limeshaandikwa kwenye vikombe, kalenda, miavuli na masanduku ya chokoleti. Halitapungukiwa na kitu likikosekana kwangu. La kwangu lilikosekana, na ndiyo habari ninayotaka kueleza.

Nyumba ya Profesa ilikuwa ndefu na nyembamba, imebanwa na majirani pande zote mbili, na bustani nyuma ambayo hakuna aliyeitunza. Nilianza kazi pale Septemba 2001. Nilipaswa kuja saa mbili asubuhi, kupika, kusafisha, kumpa dawa, na kuondoka saa kumi. Nakumbuka sebule kuliko nyumba zote nilizowahi kukaa: vitabu hadi darini, vingine vimerundikwa sakafuni kama ngazi zisizoelekea popote, pazia la kijani lililofifia upande wa jua, na harufu ya kahawa, vumbi na dawa ya macho. Profesa alifundisha historia ya sanaa miaka mingi, kisha kitu kikaanza kumla macho kutoka katikati. Aliona pembeni tu. Akikutazama usoni alikuwa hakuoni. Alipogeuka kidogo kama anayemtazama mtu mwingine, ndipo alipokuona. Ilinichukua wiki mbili kuzoea kuwa anaponipa shavu ndiyo ananisikiliza. Alikula saa sita kamili. Alipenda chicons zilizofunikwa kwa nyama ya nguruwe na mchuzi wa jibini, majani machungu ambayo mimi sikuweza kuyameza, na alikula peke yake chumba cha kulia, kitambaa kimekunjwa pembe tatu. Mimi nilikula jikoni, sombe na bukari, yaani kisamvu na ugali, niliyobeba kwenye kopo. Mlango kati yetu uliachwa wazi, kwa hiyo nilimsikia akitafuta chakula chake kwa uma kwenye sahani.

Alikuwa anaandika kitabu juu ya maisha ya yule mchoraji. Alikianza akiwa na macho, akakwama katikati. Siku moja ya Oktoba aliniita kutoka jikoni, mikono yangu ingali na povu, akafungua mezani albamu kubwa ya picha za mchoraji huyo na kuuliza, "Solange, kwenye ukurasa huu kuna nini?"

"Kuna malundo mawili ya majani, Profesa. Shambani. Kuna theluji."

"Kivuli cha lundo kina rangi gani?"

"Cheusi."

"Tazama tena."

Nikatazama. Nilisimama pale nikidondosha maji kwenye zulia lake, nikaona kwamba hakikuwa cheusi hata kidogo. Kilikuwa cha zambarau, na ndani ya zambarau palikuwa na buluu, na ukingoni, pale kivuli kinapokutana na theluji yenye jua, palikuwa na waridi nyembamba kama ufizi wa mtoto. Nikamwambia hivyohivyo. Profesa akapapasa mezani, akavuta kinasa sauti chake cha kaseti, akabonyeza. "Sema tena," akasema. "Lile la ufizi."

Tangu siku hiyo vyombo vilisubiri. Kila asubuhi tulikaa, yeye kwenye kiti chake cha ngozi, mimi kwenye kiti kifupi, albamu kati yetu. Nilieleza picha, yeye akauliza, mimi nikatazama zaidi. Katikati ya picha alinisimulia, na hapa lazima niseme kweli hata kama inaniuma: alikuwa msimuliaji mzuri kuliko wote niliowahi kusikia. Alinieleza jinsi Paris ya ujana wa mchoraji wetu, karne ya kumi na tisa, ilivyokuwa na baraza la wazee lililoamua kila mwaka picha ipi itundikwe kwenye maonyesho makubwa na ipi irudishwe kwa mwenyewe. Na aliyerudishiwa picha hakuwa mchoraji tena machoni pa watu. Wazee wale walitaka miungu, wafalme na vita, vimepakwa laini kama kioo. Mchoraji wetu na vijana wenzake walitoka nje na rangi zao, wakachora moshi wa stesheni, nguo zilizoanikwa, watu wanaokunywa bia mtoni. Wakakataliwa na kukataliwa tena. Mwishowe wakachoka kubisha hodi, wakachukua vyumba alivyoacha mpiga picha mmoja, wakatundika kazi zao wenyewe. Mwandishi wa gazeti akaja kuwacheka. Kulikuwa na picha ndogo ya bandari kwenye ukungu, jua likiwa tone la chungwa juu ya maji, na mchoraji wetu aliipa jina la hisia ya mara moja tu, kitu kilichopita machoni. Mwandishi yule akalichukua neno hilo akawatemea nalo kundi zima. "Nao wakafanya nini?" niliuliza. Profesa akacheka, akanipa shavu. "Wakalivaa. Tusi likawa jina lao, na leo hakuna anayelikumbuka jina la baraza."

Nililipenda jambo hilo mno. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika tramu nilikuwa nimeshapewa majina kadhaa ambayo sikujua la kuyafanyia.

Nilikaa Schaerbeek, upande wa pili wa mji, kwa Maman Julienne, mama wa kwetu aliyenipokea, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mikate la Mturuki. Yeye alifanya kazi ya kuosha wazee kwenye nyumba ya wazee huko Koekelberg, na alirudi jioni miguu imevimba, akaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi huku mimi nikisonga bukari. Alikuwa mtu wa sala na wa maneno machache, lakini kazi yangu mpya ilimchekesha.

"Bon, donc weye unaendaka kule kumuambia muzee bintu biko mu picha? Njo kazi?"

"Njo kazi, maman."

"Na vyombo?"

"Ninaosha nyuma, tukimaliza."

"Mungu wangu, bazungu." Akatikisa maji kwa vidole vya miguu. "Sikiya, mwana. Kazi ni kazi. Unaingia, unafanya, unatoka. Usiache roho yako mu nyumba ya bantu bengine."

Nilicheka. Nilikuwa nimeshaiacha. Novemba hiyo nilisimama kituo cha tramu ya 92, mvua imekatika muda mfupi, nikaona lami iliyolowa ikibeba taa za magari, nyekundu zikivutika kama uzi, na ndani ya ukijivu wa anga ambao mwaka mzima niliuchukia nikaona kijani hafifu, manjano, hata rangi ya kifua cha njiwa. Tramu ikaja ikaondoka bila mimi. Mtu akikufungua macho namna hiyo unamshukuru, na mimi nilimshukuru. Nilianza kwenda maktaba siku za Jumamosi kutafuta maneno ya Kifaransa ya rangi, kwa sababu niliyokuwa nayo hayakutosha. Pale ambapo Kifaransa kiliishia nilisema kwa mfano wa vitu vya kwetu: rangi ya mawese yaliyoganda asubuhi ya baridi, rangi ya vumbi la shaba barabarani, buluu ya moshi wa makaa unapotoka chini ya paa la bati. Profesa alipiga makofi kama mtoto. "Hakuna aliyewahi kumwandika hivi!" alisema. Na siku moja, kabla ya Noeli, bila mimi kuomba wala kudokeza, alinishika kiganja cha mkono na kusema, "Kitabu chetu kitaisha, Solange. Na jina lako litakuwemo. Mtu hasahau macho yake."

Nanukuu sentensi hiyo kwa sababu nimeibeba muda mrefu. Alisema *chetu*. Alisema *litakuwemo*. Kama asingesema, ningekuwa mfanyakazi aliyeulizwa maswali akayajibu, basi. Kuahidiwa ndiko kulikonifanya nitoe kile ambacho vinginevyo nisingekitoa.

Januari tulifika kwenye picha ya mke. Profesa alinitayarisha kwanza. Alinieleza kuwa mwanamke yule alikufa kijana, baada ya ugonjwa mrefu na maisha ya kuhamahama. Kwamba mchoraji, akiwa ameketi kando ya kitanda, alijikuta anazitazama rangi zilivyokuwa zinabadilika usoni pa mtu aliyempenda, mkono ukataka brashi. Na kwamba baadaye yeye mwenyewe alikiri kwa rafiki yake jinsi jambo hilo lilivyomtisha. Kisha akafungua ukurasa. Nilitazama muda mrefu. Rangi zilikuwa zimepigwa kwa haraka, michirizi ya kijivu, buluu na urujuani, kana kwamba mwanamke anazamishwa kwenye mvua. Nikaanza kusema, nikasikia sauti yangu inateleza kwenda mahali ambapo sikukusudia. Nilisema habari ya kitambaa na beseni. Nilisema kuhusu kidevu kinachofungwa kwa kitambaa kabla hakijakaza, na jinsi masikio yanavyokuwa ya mwisho kupoteza rangi. Kaseti ilikuwa inazunguka. Profesa aliuliza polepole, "Umejuaje?" Nikamwambia nilimwosha nani, nilikuwa na umri gani, na maji yalikuwa ya baridi kiasi gani. Hapa sitasema. Nilishasema mara moja, na maneno hayo yana barakoa ya mtu mwingine sasa, yanatembea duniani.

Kila Ijumaa Madame Hélène alikuja kuchukua kaseti na kuzipiga chapa nyumbani kwake. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye haraka, aliyeniletea matunda na kuniita *ma petite Solange*, Solange wangu mdogo. Ninalisema hili ili ieleweke kwamba kulikuwa na mtu wa tatu aliyejua. Sauti yangu ilipita masikioni mwake majira yote ya baridi. Kaseti zilikuwa sita tu. Zilirudishwa Jumatatu, zikarekodiwa upya. Kwa hiyo leo hakuna ushahidi wowote, isipokuwa kumbukumbu yake na yangu, na yake imeamua kusahau.

Machi muswada ulimalizika, na mchapishaji akaja kwa chakula cha mchana. Nilipika samaki. Nilipokuwa jikoni nikimimina kahawa, mlango ukiwa wazi kama kawaida, nilimsikia yule bwana akisema kwamba sura za kitabu zinazoeleza picha zimemshangaza, zina mwili, zina jasho. Na je, Profesa, kwa hali ya macho yako, unawezaje? Nikasimama na sinia. Sikusubiri kusifiwa, nilisubiri tu kuitwa, kama mtu anavyosema, basi njoo usalimie. Profesa alitafuna, akameza. "Nimezitazama miaka arobaini," akasema. "Zimo ndani. Nafunga macho, zinanijia." Mchapishaji akasema hilo ni jambo la kuandikwa kwenye jalada. Nikaingia na kahawa. Yule bwana akasogeza kiwiko nipate nafasi ya kuweka kikombe, bila kuangalia juu. Profesa akageuza uso wake ukanielekea moja kwa moja, na kwa mtu yule maana yake ilikuwa kwamba hataki kuniona.

Unaweza kuuliza kwa nini nilibaki. Nilijiuliza pia, nikajipa sababu ambayo nadhani wengi hujipa: kwamba mbele ya mgeni mtu husema hili na lile, lakini karatasi itasema kweli. Kulikuwa na ukurasa wa shukrani mwishoni, na yeye aliahidi. Nikaendelea kumpikia chicons zake. Tulimaliza masahihisho wakati wa mvua za Aprili. Mchoraji wetu alikuwa amezeeka sasa, ana bwawa lake na mayungiyungi, naye pia anapoteza macho, kwa mtoto wa jicho. Rangi zinamgeukia kuwa matope na kutu, anasoma majina kwenye tyubu ili ajue anachopaka, na siku za hasira anachana turubai kwa kisu. Profesa alitaka nirudie sehemu hizo mara nyingi. Aliniuliza nyekundu ile ni nyekundu ya namna gani. Alilia mara moja, nikampa kitambaa. Nasema haya yote kwa sababu hakuwa jitu la kutisha. Laiti angekuwa hivyo ningelala usingizi.

Kitabu kilitoka Septemba. Madame Hélène alileta nakala asubuhi pamoja na kurasa za magazeti, akazibwaga mezani na kukimbilia kazini. Profesa alivaa shati safi. "Leo hatufanyi kazi," akasema. "Leo unanisomea." Nikakaa kwenye kiti changu kifupi. Nikamsomea gazeti la kwanza: lilisifu kivuli cha zambarau chenye ukingo wa ufizi. Nikasoma la pili: lilisema kwamba ni mtu aliyekabiliana na giza tu anayeweza kuona hivi. La tatu lilinukuu kitambaa na beseni, neno kwa neno, na kuiita sentensi ya mtu aliyeteseka kwa heshima. Niliyasoma yote kwa sauti safi, bila kukosea alama za vituo. Alikuwa akitabasamu, viganja juu ya magoti. "Sasa shukrani," akasema. "Nataka kusikia zinavyosikika."

Nikafungua mwisho wa kitabu. Ulikuwa ukurasa mmoja. Alimshukuru mchapishaji wake. Alizishukuru maktaba mbili. Alimshukuru Hélène, aliyepiga chapa muswada kwa upendo wa binti. Alimshukuru daktari wa macho. Alimshukuru mwalimu wake aliyekufa zamani. Kisha mstari wa mwisho: "na watu wa nyumbani, kwa subira yao." Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, yeye na mimi.

Nilisoma jina la mchapishaji, maktaba, binti, daktari, mwalimu. Nilipofika mwisho nilisoma hivi, kwa sauti ileile: "Na Solange Ngoie Kalenga, ambaye macho yake na maneno yake ndiyo sehemu bora ya kitabu hiki."

Nilisikia tramu ikipinda mwisho wa barabara.

"Hilo halipo," Profesa akasema.

"Ndiyo, Profesa. Halipo."

"Basi kwa nini umelisoma?"

"Nilidhani umelisahau."

Akageuka, akanipa shavu, akanitazama kweli. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema nimeharibu asubuhi yake. Alisema mchapishaji alishauri hivyo, kwamba msomaji akijua kuna mtu mwingine anayetazama, kitabu kinaanguka. Alisema nisichanganye mambo. "Ulinipa macho, Solange. Macho hayana mwandishi. Maneno ni ya yule anayejua maana yake. Kabla yangu ungeona nini? Ulisema kivuli ni cheusi!"

Na hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilinichoma kuliko uongo wote. Nilikuwa nimesema kivuli ni cheusi, na yeye ndiye aliyeniambia tazama tena. Nimelipigia hesabu jambo hili miaka kumi na minane, nikiwa kwenye tramu, nikiwa kwenye korido za mahakama nikisubiri kuitwa, na jibu langu ni lilelile. Aliyekufundisha kusoma hamiliki barua zako. Lakini siku ile sikuwa na jibu hilo. Niliinuka, nikampikia, nikamkatia nyama vipande vidogo, nikaosha sufuria, nikaondoka saa kumi. Baadaye kitabu kilichapwa tena, na tena. Kila toleo jipya naliendea dukani, naenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, narudisha kwenye rafu. Subira yangu bado inashukuriwa.

Kesho yake asubuhi nilirudi, na yeye akafanya kana kwamba mvua imenyesha ikakauka. Alikuwa na wazo la kitabu kingine, juu ya bwawa peke yake. Albamu ilikuwa mezani. "Tuendelee," akasema. "Nina nini mbele yangu?"

Nilitazama. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote, mzee yule akiwa karibu haoni tena, maji hayana kingo, huwezi kujua kipi ni anga na kipi ni kina. Mambo yalinijaa mdomoni, ninaapa. Nikayameza.

"Buluu," nikasema.

Akangoja. "Na?"

"Kijani."

"Kijani gani?"

"Kijani, Profesa. Na nyeupe."

"Solange."

"Hapa kuna waridi. Hapa buluu tena."

Akapapasa ukingo wa meza, vidole vyake vikapita juu ya karatasi laini kana kwamba ataipata picha kwa kuigusa. "Unaniadhibu," akasema.

"Hapana. Nakupa macho. Maneno ni yako."

Sikumhurumia, nilitaka kumhurumia na sikuweza, na hilo pia nimemkasirikia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta, "Lile jina ulilosoma jana. Linaandikwaje?"

Nilifunga albamu, nikazima jiko, nikaacha ufunguo juu ya meza ya jikoni, nikatoka. Saa ilikuwa bado tatu na nusu asubuhi. Nilitembea kwa miguu kutoka Uccle mpaka Schaerbeek, nikapita katikati ya mji wote, na sikuona rangi hata moja.

Maman Julienne alikuwa na zamu ya mchana siku hiyo, nikamkuta jikoni anachambua dengu. Akatazama saa, akanitazama.

"Alikufukuza?"

"Hapana. Nimetoka mwenyewe."

"Ju ya nini? Ju ya ile kitabu?" Nilikuwa nimemweleza jana yake, naye alinijibu kama kawaida, kwamba kazi ni kazi, ninyamaze, Mungu anaona. "Amesema nini tena?"

"Ameniuliza jina yangu inaandikwa namna gani."

Mkono wake ukasimama ndani ya dengu. "Jina yako."

"Ndiyo."

"Mwaka muzima unamupikia, unamupatia dawa, unamukatia nyama. Hajue jina yako?"

"Mwaka muzima, maman."

Akainuka. Mwanamke huyu nilikuwa sijawahi kumsikia akimtukana mtu, hata wale wazee wa Koekelberg waliomtemea chakula usoni. Alisimama katikati ya jiko lake dogo, mikono kiunoni, na alisema mambo kwa Kiswahili cha kwetu, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kiluba, juu ya mzee yule, nyumba yake, vitabu vyake na bwawa lake, mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliyasema mpaka jirani akagonga ukuta, naye akagonga ukuta pia, kwa nguvu zaidi. Kisha akavuta kiti kwa mguu wake uliovimba, akanisukuma bega nikae, akaweka mbele yangu sahani ya bukari ya jana na samaki aliyepashwa moto.

"Sina njaa, maman."

"Kula," akasema. "Ile kasirani yako haiishe leo. Itakuomba nguvu."

Nikala.